Roketi hulipia kasi, si masafa

Swali: Mimi ni nahodha wa boti ya uvuvi Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Nimesoma kwamba anga za juu huanzia kilomita 100 kutoka usawa wa bahari. Hapo ni karibu kuliko Mombasa! Masafa kama hayo mimi nayakata kwa madumu manne ya petroli na hubaki ya akiba. Kwa nini basi roketi ya kupeleka kisetilaiti chenye uzito wa watu wawili iondoke na tani na tani za mafuta? Na la pili: wazee hapa husema Waitaliano walijenga yale majukwaa yao kwetu kwa kuwa roketi ikirushwa Ngomeni hula mafuta kidogo. Ni kweli, au ni maneno ya barazani?

Jibu: Nahodha, hesabu yako ya masafa haina kosa. Kutoka Malindi hadi Mombasa kwa barabara ni kilomita 120 hivi, na mpaka unaokubaliwa na wengi kuwa mwanzo wa anga za juu uko kilomita 100 juu ya bahari. Lau kazi ya roketi ingekuwa kupanda hizo kilomita 100 na kushuka, mafuta yake yasingekushangaza sana. Zipo roketi zinazofanya hivyo hasa: hupanda, hupima hewa ya juu kwa dakika chache, huanguka baharini. Hapo hapo kwenu, jukwaa la Santa Rita lilianza kazi mwaka 1964 kwa roketi ndogo za namna hiyo. Ukiisahau hewa kidogo, kitu kikirushwa wima kwa kasi ya kilomita 1.4 kwa sekunde kitafika kilomita 100 kabla ya kugeuka na kurudi.

Setilaiti haitakiwi kurudi. Inatakiwa ibaki huko, na kubaki ndiko kunakogharimu.

Wengi hudhani kwamba ukipanda vya kutosha unafika mahali ambapo dunia haikuvuti tena, na kwamba setilaiti zinaelea hapo. Nimewasikia hata wanafunzi wa uhandisi wakisema hivyo, na siwalaumu, maana picha za wanaanga wakielea ndani ya chombo zinadanganya macho. Kilomita 400 juu, ambako Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka, mvutano wa dunia ni karibu asilimia 89 ya huu tulio nao hapa chini. Ukikipeleka kitu huko, ukakituliza na kukiachia, kitaporomoka moja kwa moja hadi baharini.

Kinachokizuia ni kwenda upande, tena kwa kasi ya kutisha. Kitu chochote kikiachiliwa huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Na wewe mtu wa bahari unajua kwamba uso wa maji umepinda: jahazi likienda mbali hufichika mwili kwanza, tanga ndilo la mwisho kupotea. Kupinda huko kumepimwa. Ukienda kilomita 7.9 kwa mstari ulionyooka kabisa, bahari imeshuka mita 4.9 chini yako. Basi kitu kinachokwenda kilomita 7.9 kila sekunde huanguka mita 4.9, na bahari nayo imeondoka mita 4.9 chini yake. Kinaanguka daima na hakifiki. Wanaanga nao wanaanguka pamoja na chombo chao, ndiyo maana wanaonekana kuelea.

Kilomita 400 juu, kasi hiyo hupungua kidogo, inakuwa kilomita 7.7 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, Malindi hadi Mombasa ni sekunde 16.

Sasa pima gharama kwa nishati. Kuinua kilo moja hadi kilomita 400 hutaka megajuli 3.7 hivi. Kuipa kilo hiyo hiyo kasi ya kilomita 7.7 kwa sekunde hutaka megajuli 29 na ushei. Yaani katika kila sehemu kumi za nishati iliyomo ndani ya setilaiti inayozunguka, karibu tisa ni kasi na moja tu ndiyo urefu. Ndiyo maana roketi hupanda wima kwa muda mfupi tu, kisha huanza kulala upande. Watu wa Ngomeni walioshuhudia miaka ile wataikumbuka ikiinama kuelekea mashariki na kupotelea juu ya Bahari Hindi.

Kufikia hapo unaweza kunijibu: vizuri, ni kasi, lakini kwa nini kasi iwe ghali hivyo? Tuiangalie boti yako, kwa sababu kuna mambo matatu ambayo boti hupewa bure na roketi huyalipia yote.

Bahari huibeba boti. Ukizima mashine utasukumwa na mkondo, lakini hutazama. Roketi haina cha kuibeba. Kila sekunde inayosimama wima hewani, mvutano huinyang'anya mita 9.8 kwa sekunde za kasi, iwe inapanda au haipandi. Kwa hiyo lile wazo linaloulizwa mara nyingi, kwamba kwa nini isipande polepole kama helikopta, ndilo lingekuwa ghali kuliko yote. Roketi iliyosimama mita kumi juu ya jukwaa, injini zikinguruma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake, itamaliza mafuta yote bila kwenda popote. Wahandisi huharakisha, lakini hasara haiishi. Mvutano na ukinzani wa hewa kwa pamoja hula kasi ya kilomita 1.5 kwa sekunde au zaidi kidogo, hivyo badala ya kupanga kilomita 7.7 tunapanga kama 9.4.

Rafadha ya boti husukuma maji nyuma, na maji hayo hukuyanunua wala hukuyapakia. Ukifika Watamu unasukuma maji ya Watamu. Roketi, huko iendako, haina maji wala hewa ya kusukuma. Lazima iondoke nyumbani na kile itakachokitupa nyuma, na kitu hicho ni gesi ya mafuta yake yenyewe. Mafuta yake basi yana kazi mbili kwa wakati mmoja: ndiyo nguvu, na ndiyo maji ya kusukuma. (Wapo wanaosema roketi husukuma hewa iliyo nyuma yake. La. Injini ya roketi hufanya kazi vizuri zaidi pasipo na hewa kabisa.)

La tatu ndilo ambalo watu hawalijui, na mimi naliona ndilo tamu kuliko yote. Mashine ya boti inapumua. Dumu la lita 20 la petroli lina uzito wa kilo 15 hivi. Kuiunguza petroli hiyo vizuri kunataka karibu kilo 220 za hewa, na ndani ya hewa hiyo mna oksijeni kilo 50. Hukuwahi kuipakia oksijeni hiyo. Mashine huivuta hapo hapo ilipo, bila kulipa wala kubeba. Sasa fikiria kama katika kila safari ungetakiwa kupakia, kwa kila dumu la petroli, mitungi yenye kilo 50 za oksijeni. Kwa madumu yako manne ni kilo 200 za ziada, kabla hujapakia nyavu, barafu wala mtu.

Roketi iko katika hali hiyo. Inapofika kilomita 30 juu, hewa imebaki chembe tu, na baada ya hapo haipo. Kwa hiyo hubeba oksijeni yake, iliyopozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri ili iwe kimiminika na ienee ndani ya tangi. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita mafuta ya roketi ni oksijeni. Katika injini zinazotumia mafuta ya taa (naam, ndugu wa karibu wa haya tunayotia kwenye karabai, ila yamesafishwa sana), kila kilo moja ya mafuta huenda na kilo mbili na nusu hivi za oksijeni. Falcon 9, roketi iliyoipandisha setilaiti ya Kenya ya Taifa-1 kutoka California tarehe 15 Aprili 2023 pamoja na setilaiti nyingine nyingi, huwa na tani karibu 550 ikiwa imejazwa. Zaidi ya tani 500 kati ya hizo ni mafuta na oksijeni, na oksijeni peke yake ni zaidi ya theluthi mbili ya mchanganyiko huo.

Roketi za Scout zilizokuwa zikirushwa Ngomeni hazikuwa na matangi ya vimiminika vya aina hiyo. Zilitumia mafuta yabisi, yaliyogandishwa ndani ya bomba la roketi kama mpira mgumu. Lakini sheria ni ile ile: katika mafuta ya namna hiyo oksijeni kwa kawaida hufungwa ndani ya chumvi fulani ya kiwandani, si hii inayoanikwa kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, na chumvi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya uzito.

Hapa pana hesabu moja inayoeleza mengi. Kilo moja ya mafuta ya taa ina nishati ya megajuli 43. Tumeona kwamba kilo moja iliyo kwenye mzunguko wa kilomita 400 ina megajuli 33. Mtu akiziona namba hizo mbili peke yake atasema kilo moja ya mafuta inatosha kuipeleka kilo moja ya mzigo, na chenji inabaki. Ila mafuta hayo hayaungui bila oksijeni. Ukiyachanganya na oksijeni yote yanayoihitaji, kila kilo ya mchanganyiko inabaki na megajuli 10 hivi. Kilo inayobeba megajuli 10 haiwezi kujipeleka yenyewe mahali panapotaka megajuli 33. Kwa hiyo karibu mafuta yote lazima yaungue na kuachwa njiani, ili sehemu ndogo iliyobaki ipate kufika.

Ndogo kiasi gani? Hilo lina kanuni yake, na kanuni hiyo ilichapishwa mwaka 1903 na Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga nchini Urusi, mtu aliyekuwa na tatizo la kusikia tangu utotoni na ambaye hakuwahi kurusha roketi yoyote. Aliuliza swali rahisi. Mafuta yana uzito, na mafuta ya mwisho kuungua lazima yasukumwe na yale ya mwanzo. Ukiongeza kilo moja ya mzigo, unaongeza mafuta ya kuisukuma. Hayo nayo yana uzito, yanataka mafuta ya kuyasukuma. Na hayo pia yanataka yao. Mlolongo huo unaishia wapi?

Jibu lake ni la logarithimu, lakini unaweza kulifuata bila daftari. Gesi inayotoka mkiani mwa injini ya mafuta ya taa ina kasi ya kilomita 3 hivi kwa sekunde. Roketi ikitaka kufikia kasi ya kilomita 3, uzito wake wa kuondokea uwe mara 2.7 ya uzito utakaobaki. Ikitaka kilomita 6, si mara 5.4. Ni 2.7 mara 2.7, yaani 7.4. Ikitaka 9, ni mara 20. Ikitaka zile 9.4 zetu, ni mara 23. Kila kilomita 3 za ziada huzidisha, hazijumlishi. Boti yako hujumlisha: masafa mara mbili, petroli mara mbili. Hapo ndipo hesabu yako ya madumu na hesabu ya roketi zinapoachana.

Mara 23 maana yake ni kwamba roketi ya tani 100 itafika huko na tani 4 na kidogo. Usifurahi bado, kwa kuwa tani hizo nne si mzigo. Ndani yake mna matangi yaliyobaki matupu, injini, mabomba, nyaya na mitambo ya uongozi. Matangi ya roketi ni membamba sana kwa ukubwa wake, lakini hata yafanywe membamba vipi, chuma chote hicho kwa roketi ya tani 100 ni vigumu kukiteremsha chini ya tani 5 au 6. Kwa maneno mengine, roketi ya kipande kimoja inakwisha uwezo kabla haijapakia hata setilaiti moja.

Ndiyo sababu roketi hukatwa vipande vinavyoangushwa njiani. Acha nikuonyeshe kwa namba za mfano. Chukua roketi ya tani 100 yenye vipande viwili. Cha chini kina mafuta tani 75 na chuma tani 5. Cha juu kina mafuta tani 16.5, chuma tani 1.5, na mzigo tani 2. Kipande cha chini kikiisha, roketi imebaki na tani 25 na imepata kasi ya kilomita 4.2 kwa sekunde. Sasa zile tani 5 za chuma kitupu zinaachwa ziangukie baharini, na kipande cha juu kinaanza upya kikiwa na tani 20, kinaungua hadi tani 3.5, kinaongeza kilomita 5.2. Jumla ni 9.4. Tumefika, na mzigo wa tani 2.

Chukua mafuta yale yale, chuma kile kile na mzigo ule ule, lakini usiangushe kitu. Utaanza na tani 100 na kumaliza na tani 8.5, na kasi yako itakuwa kilomita 7.4. Umepungukiwa kilomita 2, na huko hakuna kupungukiwa kidogo. Utaanguka pamoja na kila kitu. Zile tani 5 za chuma zilizoachwa njiani ndizo zilizoamua.

Scout ilikuwa na vipande vinne, kila kimoja kidogo kuliko kilicho chini yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, Scout moja, yenye urefu wa zaidi ya mita 20, iliondoka kwenye jukwaa la San Marco ikiwa na setilaiti ya kilo 142 hivi. Setilaiti yenyewe haikufika hata asilimia 1 ya uzito ulioondoka jukwaani. Kwa roketi ndogo hiyo ni kawaida. Roketi kubwa hufanya vizuri kidogo, asilimia 3 hadi 5, lakini hakuna inayokimbia mbali na hapo.

Kama unataka kuiona kanuni ya Tsiolkovsky ikiwa kali kabisa, tazama Apollo 11 mwaka 1969. Roketi ya Saturn V iliondoka Florida na zaidi ya tani 2,900, kipande chake cha chini kikila tani 13 hivi kila sekunde. Kilichorudi na kuangukia bahari ya Pasifiki kikiwa na watu watatu hakikufika tani 6. Lakini katika safari hiyo hiyo kuna upande wa pili, usiotajwa mara nyingi. Armstrong na Aldrin walipoondoka juu ya uso wa mwezi, chombo chao kilikuwa na tani 4.7 hivi, na mafuta yalikuwa nusu tu ya uzito huo. Jukwaa lao lilikuwa sehemu ya chini ya chombo chenyewe, iliyoachwa pale mwezini, na hapakuwa na vipande vya kuangusha angani. Mwezi ni mdogo, hauna hewa, na kuuzunguka karibu na uso wake kunataka kasi ya kilomita 1.7 tu kwa sekunde. Kasi ikiwa ndogo kuliko kasi ya gesi ya injini, kanuni inakuwa mpole. Ikiizidi mara tatu, kama ilivyo hapa duniani, inakuwa kali. Dunia yetu ingekuwa kubwa zaidi, kwa mafuta haya tunayoyajua kazi ingekuwa ngumu zaidi sana.

Utauliza kwa nini basi tusitafute mafuta bora. Yapo. Haidrojeni na oksijeni hutoa gesi yenye kasi ya kilomita 4.4 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo zile mara 23 zinashuka hadi 8.5. Faida kubwa sana, ila haidrojeni nayo ina yake. Ili iwe kimiminika lazima ipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, na hata ikiwa kimiminika ni nyepesi mno: lita moja ina gramu 71 tu, kwa hiyo matangi yanakuwa makubwa kama nyumba na uzito wa chuma unarudi kukudai. Mara nyingi hutumika kwenye vipande vya juu, ambako kila kilo ina thamani zaidi, na chini hutumika kitu kizito chenye nguvu ya kuinua. Kuna pia injini za umeme, za ioni, ambazo hutupa gesi kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde na kwa hiyo hutumia mafuta machache ajabu. Lakini msukumo wake hauzidi uzito wa karatasi mkononi. Ukiwa tayari unazunguka dunia zinafaa sana; kutoka ardhini haziinui hata injini yenyewe.

Kitu kimoja tu huko juu ni rahisi, nacho ni kurudi. Chombo kilicho kwenye mzunguko wa chini kikipunguziwa kasi mita 100 hivi kwa sekunde, njia yake huteremka hadi kugusa hewa, na hewa ndiyo inayokifunga breki kwa zile kilomita zote 7 kwa sekunde zilizobaki. Kwa chombo cha tani moja na nusu hayo ni mafuta ya kilo 50. Joto lake ni habari nyingine. Ndiyo maana vyombo vya watu huvikwa ngao. Falcon 9 hurudisha kipande chake cha chini na kukitua kikiwa kimesimama, na hicho hakiendi kasi ya kutosha kuchomeka, lakini lazima kiwekewe mafuta ya kutulia, na mafuta hayo hutolewa kwenye mzigo. Wenye roketi wamekubali hasara hiyo kwa kuwa mafuta ni sehemu ndogo sana ya gharama. Ghali ni injini na matangi, yaani vile vilivyokuwa vikitupwa baharini kila safari.

Sasa nije kwa wazee wenu. Wamesema kweli, ila nadhani sababu wanayoitaja barazani ni ile ndogo kati ya mbili.

Ile ndogo ni hii. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na mtu aliyesimama kwenye ikweta anachukuliwa nayo kwa mita 465 kila sekunde bila kuhisi chochote. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki huondoka na kasi hiyo mfukoni. Ngomeni iko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo inapata karibu yote, mita 464. Wallops katika jimbo la Virginia, ambako Marekani ilikuwa ikirusha Scout zake nyingi, kuko nyuzi 38 kaskazini, na huko zawadi hiyo ni mita 367. Baikonur nchini Kazakhstan, walikokuwa wakirusha Warusi, ni mita 323. Tofauti ya Ngomeni na Wallops basi ni mita 97 hivi kwa sekunde. Ukiiingiza kwenye kanuni ya Tsiolkovsky inapunguza uzito wa kuondokea kwa asilimia 3 au 4. Ni kitu, lakini kwa ajili hiyo peke yake sidhani Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma angeleta majukwaa ya chuma kutoka ng'ambo mpaka kuyasimamisha kwenye maji yenu.

Sababu kubwa ni mwelekeo. Njia ya setilaiti lazima izunguke kitovu cha dunia. Ukirusha kutoka nyuzi 38 kaskazini, njia yako itapita juu ya nyuzi 38 kaskazini na nyuzi 38 kusini katika kila mzunguko. Huwezi kuzunguka juu ya ikweta peke yake, kwa sababu pale ulipoanzia si kwenye ikweta. Ukitaka kuhamia kwenye njia ya ikweta lazima ugeuke ukiwa huko juu, na kugeuka kwa kasi ya kilomita 7.6 kwa sekunde hakufanani na kukata usukani. Hakuna maji ya kuegemea. Lazima uufute mwendo wa upande mmoja kwa mafuta na uujenge mwingine kwa mafuta.

Ile setilaiti ya Desemba 1970 ilipewa jina la Uhuru kwa ajili ya siku ile na kwa heshima ya wenyeji wake. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kutazama eksirei zinazotoka kwenye nyota, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kimoja alichokichunguza Riccardo Giacconi na wenzake kwa vipimo vyake, Cygnus X-1, kilikuja kuwa mfano wa kwanza unaokubalika wa shimo jeusi (kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauwezi kutoka), na Giacconi akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Vifaa vya kupima eksirei huvurugwa na mionzi, na juu ya bahari ya Atlantiki, upande wa Brazili, kuna eneo ambapo mionzi hiyo hushuka chini sana. Setilaiti inayozunguka karibu na ikweta hulikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa. Uhuru ilihitaji kuzunguka nyuzi 3 tu kutoka ikweta, na Ngomeni iliipeleka huko moja kwa moja, bila kugeuka. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo, na katika hizo Uhuru haikuwa peke yake kufuata ikweta kwa sababu hiyo.

Kama Uhuru ingeondokea Wallops na kugeukia angani kutoka nyuzi 38 hadi 3, geuko hilo lingegharimu kasi ya kilomita 4.5 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya nusu ya kasi yote ya kuzunguka dunia. Kwa mafuta yabisi ya Scout, yenye gesi ya kilomita 2.7 hivi kwa sekunde, hiyo ni kugawanya uzito kwa zaidi ya tano. Kilo 142 zingebaki chini ya 30, na ndani ya hizo 30 bado hujatoa injini ya kugeuzia.